Mahame Niliyoyaandika kwa Wino

Mwaka wa kwanza wa Uhuru nilikuwa na miaka kumi na minane, kalamu ya wino iliyokuwa yangu mwenyewe, na ulimi usiotulia. Nilikuwa nimemaliza shule ya bweni ya wasichana na kurudi nyumbani, kwenye vilima vya upande wa Iguhu, kusubiri barua ya kuitwa chuo cha ualimu. Kusubiri ni kazi nisiyoiweza mpaka leo.

Heri yangu ni kwamba hakuna aliyekuwa akisubiri wakati huo. Kila mtu alikuwa mbioni. Watu waliotembea polepole enzi zote za mkoloni walianza kuruka mitaro. Wanawake walichanga mawe ya kujengea zahanati kabla hawajaambiwa itajengwa wapi, na ukimsalimia mtu njiani alikujibu akiwa ameshakupita. Niliyapenda mambo hayo yote. Nilikuwa naamka asubuhi moyo unanidunda, sijui ni kwa ajili ya nini, naukimbilia mlango nione kama kuna jipya.

Nilikuwa pia nimelewa neno. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa Mwislamu wa Mumias, mtu wa kanzu safi, aliyeingia darasani na salaam aleikum na sisi wa makanisa yote tukaitikia kwa sauti moja. Siku moja alituuliza, mahali pasipo watu paitwe nini? Tukasema pori. Akatikisa kichwa. Pori, alisema, ni mahali ambapo watu hawajafika, au wamefika wakaona hapawafai. Nyika ni pana na kavu. Jangwa halina hata mti wa kukuonea huruma. Nyumba iliyobomoka ni gofu. Lakini mahali walipokaa watu, wakapika, wakazaa, wakagombana, kisha wakahama, hapo ni mahame. "Na hamwezi kupata mahame," alisema, "bila ya kupata kwanza watu."

Nilirudi nalo nyumbani nikalitumia bila huruma. Uwanja wa kanisa siku ya Jumatatu niliuita mahame. Siku moja nilitoka kisimani nikakuta kila mtu ameenda sokoni isipokuwa mama, nikasimama mlangoni na kutangaza kwamba boma letu limekuwa mahame matupu.

"Mahame ni nini?" mama aliuliza. "Na maji umeyaacha wapi?"

Nilikuwa nimeyasahau kisimani pamoja na mtungi.

Basi akaja mpimaji wa ardhi kutoka mjini Kakamega. Watu walimwita Seveya. Alikuwa kijana wa kutoka mbali, mwenye soksi ndefu na adabu nyingi, asiyejua neno hata moja la lugha yetu zaidi ya salamu ya mulembe. Alikuja na mnyororo wa kupimia, vigingi, na daftari kubwa lenye jalada jekundu. Serikali mpya ilitaka kila shamba liandikwe pamoja na jina la mwenyewe, ugomvi wa mipaka uishe. Siku ya pili karani wake alishikwa na malaria. Liguru, yaani mzee wa kijiji chetu, akamwambia kuna msichana hapa anayeandika kama mashine.

Baba yangu alikuwa kazini Bukura, kwenye chuo cha kilimo, na alikuwa anarudi Jumamosi tu. Mama akasema tumngojee tumwulize. Wakati anasema hivyo mimi nilikuwa nimeshafunga kamba za viatu.

Sijawahi kuipenda kazi kama nilivyoipenda ile. Wanaume wawili walivuta mnyororo, wazee saba wa kamati wakatangulia na fimbo zao, na kijiji kizima kikatufuata kikipiga kelele. Mtu alisema mpaka wake unapita kwenye mti fulani, jirani akasema mti huo ulitembea. Watu walicheka, wakakasirika, wakacheka tena, kigingi kikapigwa. Na yote hayo hayakuwa kitu mpaka mimi niandike. Seveya alikuwa akisema, "Dada, umeandika?" na wazee wazima wananyamaza kungoja kalamu yangu. Acha kichwa kinivimbe.

Daftari lilikuwa na safu kadhaa: namba, mwenye shamba, mipaka, na mwisho, hali ya mahali. Penye boma niliandika boma. Seveya akaniambia pasipo watu niandike "wazi."

"Bwana, wazi ni mlango," nilimwambia. "Kuna neno zuri kuliko hilo."

Nikamweleza mahame. Akacheka, akasema niandike ninavyotaka.

Siku ya tatu tulivuka kijito kilichoko chini ya nyumbani kwetu. Upande wa pili kulikuwa na mahali tambarare palipozungukwa na uzio wa zamani uliogeuka miti. Udongo ulikuwa mweusi. Mboga ya mrenda ilikuwa imejiotea yenyewe mpaka kiunoni, na katikati ya majani kulikuwa na jiwe la kusagia, limelika katikati kwa kazi ya mikono. Nilikuwa nimepaona maisha yangu yote kwa mbali, na sikuwahi kumsikia mtu akipataja.

"Hapa anakaa nani?" Seveya aliuliza.

Wazee wakatazama chini. Mmoja alivua kofia yake. Kelele zote za nyuma yetu zilikuwa zimekatika, na watu walikuwa wamesimama nje ya uzio.

"Hapa hakuna mutu," alisema liguru.

"Na mwenye shamba?"

"Hakuna mutu, bwana. Twende mbere."

Seveya aliwatazama mmoja mmoja, na wote saba wakaitikia kwa vichwa. Mimi niliiona kofia ile mkononi. Niliuona uzio na watu walioukwepa. Mimi ninayeuliza kila kitu, mimi niliyeuliza padri kama malaika wanakula obusuma, ugali wetu, siku hiyo sikuuliza neno. Nilikuwa nimefurahi mno kwamba hatimaye nimepata mahame ya kweli, yenye jiwe la kusagia na kila kitu. Niliandika M kubwa yenye mkia. Katika safu ya mwenye shamba nilipiga mstari.

Seveya akapiga hatua huku na huko, akapima kwa macho. "Hapa panafaa shule," alisema. "Ijumaa nitasoma orodha. Kama hakuna mwenye neno, hapa ni pa umma."

Shule! Watoto wetu walikuwa wakitembea vilima viwili kwenda kusoma, na wakati wa mvua waliacha kabisa. Niliruka. Nasema niliruka kweli, daftari mkononi, na tone la wino likaangukia sketi yangu. Jioni Seveya alifunga daftari, akalipakia kwenye Landirova, akaenda nalo mjini.

Nilimkuta kukhu, yaani bibi, jikoni. Alikuwa mjane wa ndugu wa babu yangu, na kwetu yeye ndiye alikuwa bibi wa nyumba nzima. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya jiko letu tangu kabla sijazaliwa, na mimi nilidhani amekuwa hapo tangu dunia iumbwe. Nilimmiminia habari zote kwa pumzi moja: mnyororo, mti uliotembea, ng'ambo ya kijito, shule.

Aliweka chini kisu alichokuwa akimenyea ndizi. "Ng'ambo uliandika nini?"

"Mahame. Kwamba hakuna watu."

"Wazee walikuambia hakuna mtu?"

"Wote saba."

"Walisema vizuri," alisema kukhu.

Sikuelewa, nikaanza kumsihi anieleze. Akanieleza bila kupandisha sauti. Ng'ambo palikuwa kwake. Hapo aliolewa, hapo alizalia. Mwaka mmoja ugonjwa uliingia ukamchukua mumewe na watoto wanne kati ya watano, wote wamelala ndani ya uzio ule. Mahali pa namna hiyo, kwa desturi yetu, panaachwa papoe. Watu wanahama, wanakaa kwa ndugu, mpaka siku mwana aliyebaki atakaporudi na moto wake na kusimamisha nguzo ya kwanza. Kabla ya siku hiyo, mtu akisimama pale hamtaji mwenye mahali aliye hai. Waliolala pale wanasikia. Wakisikia jina la mtu wao, wanaliitikia wao, na mwenye jina haishi siku nyingi. Ukitaka kujua ni kwa nani, unatoka pale, unaulizia penginepo.

Mwana aliyebaki alikuwa ami yangu niliyemjua kwa jina na kwa picha moja tu. Alikuwa Uganda, kwenye reli. Barua yake ya mwisho ilikuja nikiwa darasa la sita.

"Na mimi nitalala pale," alisema kukhu. "Kati ya mume wangu na kitinda mimba. Nafasi nilijiachia mwenyewe."

"Kukhu, watajenga shule."

"Nimesikia. Uliandika kwa kalamu ya risasi?"

"Kwa wino."

Alichukua kisu chake akaendelea na ndizi. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniliza. Angenipiga kwenzi ningelala vizuri. Nilijikasirikia kiasi kwamba nilitamani kulichukua neno lile zuri, na M yake yenye mkia, nilitupe chooni.

Asubuhi nilikimbia kwa liguru. Nilimkuta anakamua ng'ombe, nikamwambia maneno ambayo msichana hamwambii mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwana, tulijua wewe unajua," alisema. "Nani hajuangi kwa kukhu yake? Na tuliwaza jioni utakuja hapa na Seveya, tuwape chai, tukae chini, tuwaambie jina pore pore. Hivyo ndivyo tunafanyanga. Sasa nani anaandikanga kitu siku hiyo hiyo?"

Kwa kweli ndivyo ilivyokuwa: wao walijua jambo la shamba halimaliziki kabla ya chai, na sisi tulijua kwamba nchi ni mpya na lazima tumalize kabla ya jua kutua. Daftari lilikuwa Kakamega. Baba alikuwa Bukura mpaka Jumamosi. Ijumaa ilikuwa kesho.

Ijumaa watu walijaa ng'ambo ya kijito kama siku ya bendera. Walikuja na majembe na mapanga ya kufyeka uwanja wa shule, na safari hii wengine walikuwa wamesimama karibu kabisa na uzio. Watoto waliimba. Kuna mama aliyeleta ingokho, kuku mzima, miguu imefungwa, zawadi kwa serikali. Mimi nilimshikilia Seveya daftari ndani ya uzio, na, hili naliungama, nusu ya moyo wangu bado ilikuwa inaitaka shule ile. Nilikuwa nawaona wale watoto. Nilikuwa nimetembea vilima hivyo viwili mimi mwenyewe.

Liguru alijaribu kumvuta Seveya kando, yeye akasema orodha kwanza, akasoma namba baada ya namba. Alipofika ile alisema, "Mahame. Mwenyewe hakuna. Aliye na neno na aingie hapa aliseme, miguu yake ikiwa juu ya udongo huu. Sitaki maneno ya kando."

Watu wakageuka. Kukhu alikuwa anavuka kijito. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, na maji yalimfika kwenye vifundo vya miguu. Miaka ishirini alikuwa hajapakanyaga. Alipita katikati ya watu, akaingia penye mwanya wa uzio palipokuwa mlango, akasimama kwenye mrenda.

"Hapa ni kwangu," alisema. Nikatafsiri.

Kukawa na mnong'ono. Mwanamke mmoja akalia kabisa, "Kukhu, tafadhali, watoto wetu!" na kukhu akamwinamishia kichwa, kwa heshima, kama kusema nimekusikia.

Seveya akamgeukia liguru. "Mzee, mbona mliniambia hakuna mtu?"

"Tulisema hivyo, bwana. Na hatukudanganya."

Maskini Seveya alijikuna shingo. Alikuwa mtu mwema, nataka ijulikane. Akamwuliza kukhu jina la mwenye shamba, mwanamume, mume au mwana. Kukhu akasema mume yuko pale, akaonyesha ardhi. Akaonyesha na wengine, mmoja mmoja, akataja majina yao wote wanne, kutoka mkubwa hadi mdogo. Wa mwisho alimtaja kwa sauti ya kumbembeleza mtoto alale. Seveya alivua kofia.

"Pole, mama. Lakini daftari haliandiki waliokufa. Yupo aliye hai?"

"Yuko mwanangu. Anafanya kazi ya reli."

"Anaitwa nani?"

Kukhu akatikisa kichwa. Seveya akangoja. Jina la ami yangu nililijua, lilikuwa pale pale kwenye ulimi wangu, silabi tatu tu, na mambo yangekwisha. Nilifungua kinywa. Kukhu alinitazama, na sijawahi kutazamwa hivyo tena na mtu yeyote. Nilifunga kinywa.

"Tuvuke mto, bwana," liguru alisema haraka. "Hatua kumi tu. Jina utapata."

"Mzee," alisema Seveya, na sasa hata adabu yake ilikuwa imefika mwisho, "juzi mlisimama hapa mkasema hakuna mtu. Leo yupo, lakini hana jina mpaka tuvuke mto. Kesho mtasema nini? Jina litajwe hapa hapa, sasa hivi, na kila mtu asikie. La sivyo pabaki kama palivyoandikwa."

Nilielewa alichokuwa anaombwa kukhu. Achague mtoto mmoja aliye hai, hata kama barua zake zimekauka, au mahali pa hawa watano na pa kulala yeye. Nilianza kulia bila kujificha. Sikujali kama napaswa kuwa karani.

"Mwulize," kukhu aliniambia, "daftari lake linamkataa mwanamke?"

Nikauliza. Seveya alifikiri. Alipekua kurasa za mbele, zenye maagizo, akasoma kwa kidole. "Halijasema hivyo," alijibu taratibu. "Ila sijawahi kuona."

"Basi aandike mimi."

Wazee walishtuka. Liguru alipiga hatua mbele na mkono umenyooka. "Mama, hapana! Utajiitaje mwenyewe, na umesimama hapa?"

"Wanisikie," alisema kukhu. "Nitawaambia nakuja, wasiwe na haraka. Wao hawana daftari."

Mtu mmoja alicheka, kicheko cha woga, na kikawaambukiza wengine, mpaka na liguru mwenyewe akacheka huku anafuta macho. Akarudi nyuma. Akasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba shule tutaipeleka kando ya barabara, kwenye malisho yake, penye mawe, na kwamba watoto hawaendi shule kulima. Na huko ndiko ilikojengwa, na mimi nilifundisha hapo miaka saba.

Kukhu akasema jina lake.

Mimi sikuwa nalijua. Hakuna hata mmoja wa rika langu aliyelijua. Maisha yake yote alikuwa mama wa fulani, kisha walipokufa wale akawa kukhu tu. Ni jina la msimu, wanalopewa wasichana kwetu kwa mvua waliyozaliwa nayo, na lilikuwa jina la msichana hasa, la mtu wa kuruka kamba. Kuna wazee wawili waliotabasamu waliposikia, nadhani walikuwa wamelisahau.

Seveya aliweka rula akanipa ishara. Nilipiga mstari mmoja kulikata neno mahame. Kisha katika safu ya mwenye shamba, juu ya ule mstari wa juzi, niliandika jina lile polepole, kwa mara ya kwanza katika wiki ile nikiwa sina haraka yoyote. Nikapuliza wino ukauke.

"Soma," alisema kukhu.

Nikasoma.

"Tena. Hao wa nyuma hawajasikia."

Nikavuta pumzi, nikalisoma kwa sauti yangu yote, mpaka watoto waliobaki upande wa kwetu wa kijito wakageuka. Kukhu alikuwa amesimama wima katika majani, mikono ubavuni, kidevu juu. Hakungoja nimalize vizuri.

"Niko," aliitikia.